Nilisema Meli Haiondoki

Vijana wa mtaa wetu wa Lucky Summer, ninyi mnaonisimamisha pale kwa kinyozi kila nikienda kununua maziwa, leo nimekaa chini niwajibu. Swali lenu huwa ni moja: "Afande, mtu anaingiaje nevi?" Mnataka kujua mbio ni za umbali gani na kama ni kweli meno yanakaguliwa. Meno yanakaguliwa. Hilo tumemaliza. Sasa nisikilizeni kwa yale ambayo hamjawahi kuniuliza.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mama yangu, ambaye naishi naye, ameniambia ninywe chai kwanza, moyo utulie. Chai nimekunywa. Hasira ipo pale pale.

Kwa wasionijua, jina langu ni Redempta Nafula. Nimezaliwa na kulelewa hapa hapa. Baba alikuwa kibarua wa kiwanda cha sabuni kule Baba Dogo, akirudi nyumbani kila jioni akinukia usafi ambao sisi wenyewe hatukuwa nao. Nilistaafu jeshi la majini nikiwa Luteni Kanali, mhandisi wa meli. Msishangae. Bahari niliiona kwa mara ya kwanza wiki ile ile niliyoripoti kambini Mombasa. Maji mengi niliyokuwa nimeyaona kabla ya hapo ni mto wetu huu ukifurika mwezi wa nne.

Safari yangu ya kwanza nilitapika mpaka nikahisi nimetapika na shule yote niliyosoma. Mpishi wa meli, koplo mmoja mwenye maneno mengi, alikuwa akinisubiri mlangoni na sahani. "Afande, leo unakula ama unalisha samaki?" Mabaharia wote walicheka. Aliyeniokoa ni Sajini Mkuu Kombo, mzaliwa wa Majengo, Pumwani, mtu mfupi mwenye mikono kama koleo. Alinipa biskuti kavu, akanishusha chumba cha injini, akanikabidhi spana. "Mgonjwa wa bahari akikaa bure anakufa," aliniambia. "Akishika kazi anasahau kufa."

Vyeti vya uhandisi nilikuwa navyo. Kazi nilifundishwa na Kombo. Alinifundisha kukaza bolti kwa msalaba, moja hapa na inayoikabili kule, kwa sababu ukizifuata kwa mzunguko kifuniko kinakaa upande na maji yanapata njia. Alinifundisha kuweka kiganja juu ya pampu na kusikia kama imevuta hewa. Pampu yenye hewa hutetemeka kama mtu anayejizuia kukohoa. Jambo alilolirudia kuliko yote ni kwamba ukikuta maji ndani ya meli, usikimbilie ndoo. Tafuta kwanza yanaingilia wapi na yamezuiwa wapi kutoka. Anayekimbilia ndoo atateka mpaka azame.

Nilikuwa mwanamke peke yangu katika meli ile. Siku ya kwanza mezani Meja mmoja aliniuliza mbele ya wenzangu kama nimekuja kusaidia jikoni. Nilimjibu kwamba kwa jinsi ugali wao ulivyo, jiko linahitaji msaada kweli, lakini si wangu. Walicheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo sicheki nikiikumbuka. Msifikiri mzaha humaliza jambo. Mzaha hukusaidia tu kumaliza sahani yako.

Sasa niwaambie kuhusu siku niliyosema meli haiondoki.

Nilikuwa na cheo cha Kapteni, mhandisi mkuu wa meli moja ya doria. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kutoka Nairobi kutembezwa baharini, wapigwe picha, wale samaki. Asubuhi hiyo niliona kwamba pale ambapo mtaimbo wa pangaboi, chuma kirefu kinachozungusha panga la kusukuma meli, unapenya mwili wa meli kwenda nje, maji yanaingia. Kudondoka kidogo pale ni kawaida, ndivyo mtaimbo unavyopozwa. Haya hayakuwa ya kudondoka, yalikuwa yanatiririka. Kati ya pampu mbili za kutoa maji, moja ilikuwa imefunguliwa vipande vipande sakafuni, ikingoja kipuri ambacho hakijafika. Nilipanda juu kwa mkuu wa meli.

"Mkuu, meli haiondoki."

Alikuwa anajitazama kwenye kioo, anaweka kofia sawa. "Rudia?"

"Haiondoki. Maji yanaingia kwenye mtaimbo na nina pampu moja tu."

"Nafula, wageni wako barabarani saa hii. Unataka niwaambie nini? Kwamba mama mmoja ameona maji baharini?"

"Waambie meli ni mbovu. Ni ukweli."

"Pampu moja inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Basi inatosha. Shuka chumba cha injini ujiandae."

"Sitaipeleka, Mkuu."

Aligeuka kutoka kwenye kioo. Halafu akasema polepole, "Basi shuka kabisa. Shuka gatini."

Nilishuka. Nafasi yangu ikachukuliwa na Luteni mmoja kijana, mwenye akili, aliyeona maji yale kama mimi nilivyoyaona, na akasema ndiyo Mkuu. Kombo nilimkuta kwenye ngazi ya meli. Nilimwambia ashuke pia, hakuna wa kumlaumu kwa umri wake. Akatikisa kichwa. "Afande, vijana wako kule chini. Maji yakizidi, nani atawaonyesha pa kuziba?"

Jioni walirudi wakivutwa kwa kamba na meli nyingine. Pale kwenye mtaimbo palikuwa pameachia kabisa. Injini ilizimwa, meli ikaanza kuyumba, na ganda la ile pampu iliyofunguliwa, chuma kizito ambacho watu wanne hukinyanyua kwa shida, likateleza na kumbana Kombo mguu kwenye mabomba. Akiwa amebanwa hivyo aliendelea kuwaelekeza vijana wapi pa kugongomea vipande vya mbao na matambara mpaka maji yakapungua. Juu kwenye sitaha, mgeni mmoja alikuwa anauliza chakula kimechelewa kwa nini.

Mguu ulikatwa juu ya goti.

Uchunguzi ulifanywa. Mkuu alisema ni ajali ya bahari. Alilitamka neno hilo kwa huzuni nzuri sana, kofia mkononi. Mimi nilipoulizwa nilisema si bahari, ni yeye, na kwamba aliambiwa kwa maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa. Alipandishwa cheo mwaka uliofuata. Mimi nililetwa Nairobi, kwenye ofisi, kupanga vipuri vya meli katika jengo ambalo hata maji ya bomba yalikuwa hayafiki ghorofa yetu. Wenzangu walinipita vyeo nikiwatazama. Nilirudi baharini baadaye, nikafundisha wahandisi wengi, nikafika nilipofika. Msione cheo mkadhani mambo yalisawazishwa. Hayakusawazishwa.

Kombo yuko Majengo. Anatengeneza majiko ya makaa mbele ya nyumba yao. Mara moja moja tunakutana soko la Burma kula nyama, na lazima agombane na mwenye bucha kuhusu mifupa. Siku moja nilianza tena hadithi ya yule mkuu, akanikatiza na kipande mdomoni. "Afande, wewe unakasirika vibaya. Unakasirika mikono mitupu. Kasirika na spana mkononi." Nilikasirika zaidi, lakini nilisikia.

Kustaafu hakuna anayekufundisha. Miezi ya kwanza nilikuwa naamka kabla ya jogoo, napiga pasi nguo za kwenda popote, nasimama mlangoni kama mtu anayesubiri gari. Nilikagua jikoni. Nilimuuliza mama kwa nini sufuria hazijapangwa kwa ukubwa. Mama akageuka na mwiko mkononi. "Redempta, hawa si wanajeshi. Ni sufuria. Na mimi ndiye mkuu hapa." Nikatoka nje kutembea, na katika kutembea huko ndipo nilipouona ukuta.

Wote mnaujua. Mwenye zile ghorofa mpya karibu na mto aliujenga kuzunguka ploti yake, akaupitisha juu ya mkondo ambao maji ya mvua ya mtaa wetu yamekuwa yakiufuata kwenda mtoni tangu mimi nikiwa mtoto. Ukuta wa mawe, mrefu kuliko mtu, na chini yake hakuna hata tundu moja. Upande wetu wa ukuta, pale bondeni, kuna vyumba vya mabati. Akoth mshonaji nguo anaishi pale na watoto wake wawili. Mzee Mureithi seremala alikuwa na karakana pale, na chumba chake humo humo.

Mureithi ndiye aliyetengeneza kitanda cha mama. Aliniita Jenerali, na nilipomsahihisha kwamba mimi ni Luteni Kanali alisema hapandishi watu vyeo bure, nimletee mbao. Nilimwonyesha ukuta. Akautazama, akakuna shingo. "Mvua ikija, haya maji yatapita wapi?"

"Hayatapita. Yatakaa na wewe."

Nilimwendea mwenye ghorofa. Nikamweleza kwa heshima kwamba aache milango ya maji chini ya ukuta, mafundi wawili wanaimaliza asubuhi moja. Aliniuliza, "Mama, wewe ni askari ama ni injinia?" Nikamwambia vyote viwili. Akacheka, akasema ataangalia. Nilikwenda ofisini kwa chifu. Nikaambiwa suala la kuta si la hapo. Nikaenda pa suala la kuta, nikaambiwa nirudi. Nilirudi. Nikaambiwa nirudi tena. Niliwaambia ninyi pia, pale pale kwa kinyozi, na Kevo, mmoja wenu, akisoma hapa atakumbuka alivyonijibu: "Mathe, relax. Huyo ni mdosi, ana pesa zake. Serikali itaona."

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi, kulipopambazuka, nilisikia Akoth akipiga kelele.

Maji yalikuwa yamejaa nyuma ya ukuta kama kwenye karai. Upande wa pili, kwenye maegesho ya magari ya yule bwana, palikuwa pakavu. Nataka mlikumbuke hilo. Vijana mlikuwa wengi ukingoni, na wengi wenu mmenyanyua simu. Mmoja nilimpokonya simu nikamshikisha kamba. Kevo na wenzake wawili walikuwa wameingia majini mpaka kifuani, wanavuta mlango wa chuma wa Akoth kwa nguvu zao zote. Mlango ule unafunguka kwa nje. Maji yamekaa juu yake. Hata ng'ombe kumi hawangeuvuta.

"Wacheni mlango!" niliwapigia kelele. "Juu! Pandeni juu, mng'oe mabati!"

Shikeni hili kama hamtashika lingine lolote: mlango ukishakandamizwa na maji, usipoteze nguvu zako pale. Tafuta dirisha, tafuta paa. Kevo alipanda na mtaimbo, akang'oa bati, akamtoa mtoto wa kwanza, wa pili, kisha Akoth mwenyewe, ambaye alikuwa amesimama juu ya cherehani yake na maji yamemfika miguuni, yanazidi kupanda.

Kisha tukaenda kwa Mureithi. Tuliita, hakujibu. Tulifungua paa. Mbao zake zote zilikuwa zinaelea, na yeye alikuwa chini ya mbao, amevaa lile koti lake la kazi. Tulimvuta nje, nikamkandamiza kifua pale pale juu ya bati kwa muda mrefu, mpaka Kevo akanishika bega. "Mathe. Mathe, inatosha. Ameenda."

Mkewe, Mama Njeri, alikuwa amekwenda Murang'a kumtazama dada yake. Alirudi mchana akiwa bado na mfuko wa viazi vya zawadi.

Siku ya tatu uliitwa mkutano kwenye uwanja wa kanisa. Mwenyekiti wa mtaa alisimama akasema tumepatwa na msiba, na kwamba haya yote ni mapenzi ya Mungu, tuyakubali. Mwenye ghorofa alikuwa amekaa mbele. Alikuwa ameleta mablanketi. Watu wakapiga makofi. Mama Njeri alikuwa ameinamisha kichwa.

Nilisimama bila kuitwa.

"Mwenyekiti, ule ukuta alijenga Mungu?"

"Mama Nafula, tafadhali," alisema, "huu ni wakati wa kufarijiana."

"Nauliza tu. Maana mimi nilikwenda kumwona aliyeujenga, na alikuwa na kiti na meza na kikombe cha chai. Amekaa pale. Mureithi hakuuawa na mvua. Mvua imenyesha hapa tangu nizaliwe. Ameuawa na mtu aliyeambiwa."

Mwenye ghorofa alinyanyuka akasema nimemvunjia heshima, kwamba yeye amefuata utaratibu wote. Mwenyekiti akaomba tuimbe. Wakaimba! Nilitoka pale wakiwa bado wanaimba. Miaka yote ile, na bado ni kisingizio kile kile kwa sauti ile ile ya huzuni.

Kevo alinifuata nje. Hakuwa na maneno yake ya kawaida. Alisema, "Mathe, huo ukuta ni mimi nilijenga."

"Unamaanisha nini?"

"Nilikuwa kwa mjengo. Fundi aliniambia niweke mawe, nikaweka. Niliona hakuna pa maji kutoka. Niliona, mathe. Nikasema si kazi yangu kuuliza."

Nilitaka kumpiga kofi, huo ndio ukweli. Kisha nikamwona usoni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na kucha zake zilikuwa bado zimekatika kwa kung'oa bati. Nikamuuliza, "Unajua mawe ya chini umeyafungaje?"

"Najua kila jiwe."

"Basi tafuta nyundo kubwa na tindo. Na watu wasiojificha."

Sikutaka jambo la gizani. Nilimtumia mwenye ghorofa ujumbe, nikamjulisha chifu, nikamjulisha mwenyekiti: Jumamosi asubuhi tunafungua njia ya maji. Si kubomoa ukuta wote. Milango mitatu, chini kabisa, kwenye mkondo wa zamani. Asiyetaka aje atuzuie. Jumamosi tulikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Kevo alipiga nyundo ya kwanza. Nilikuwa nimepima pa kuanzia na nikawakataza kugusa mawe ya nguzo, kwa sababu hasira isiyopima huangusha ukuta juu ya watu wake. Akoth alipika uji. Mama yangu alikuja na kiti chake, akakaa katikati ya njia ya gari, na hakuna aliyethubutu kumwambia ahame.

Tulikuwa tumemaliza wa pili polisi walipofika na mwenye ghorofa. Afisa wao, kijana wa umri wenu, aliniuliza nani anaongoza hapa. Nikamwambia ni mimi, nikamtajia jina langu na cheo nilichostaafu nacho. Alisimama wima kabla hajajizuia. "Afande, naomba twende kituoni."

"Nitakuja. Waache wamalize wa tatu."

Alimtazama mwenye ghorofa, akatazama vile vyumba vilivyong'olewa paa, akatazama koti la Mureithi lililokuwa limeanikwa kwenye kamba. Akasema atangoja kwenye gari, simu yake inahitaji kuchajiwa.

Nimeshtakiwa kwa kuharibu mali. Kesi inaendelea, na mnaoniambia niombe msamaha yaishe, msirudie. Yule Luteni aliyesema ndiyo Mkuu naye aliombwa tu akubali, yaishe.

Kwa hiyo mkiniuliza nevi mtu anaingiaje, nawajibu: ingieni. Ni kazi nzuri, niliipenda na ningeirudia. Watawafundisha kutii, na kutii kunahitajika, maana mawimbi hayangoji majadiliano. Lakini itafika siku utaona maji na aliye juu yako atataka uyaite umande. Siku hiyo hutakuwa na mtu wa kukushika mkono, na ukisema hapana, hakuna atakayekupa medali. Msije kwangu kulia kwamba sikuwaambia.

Mvua ilirudi wiki iliyopita, kubwa kuliko ile. Nilivaa gambuti nikaenda ukutani. Nilimkuta Mama Njeri amefika kabla yangu, ameshika mwavuli uliovunjika upande mmoja. Maji yalishuka kutoka mtaani, ya kahawia, yamebeba makopo na majani, yakafika kwenye ukuta, yakapita kwenye ile milango mitatu na kwenda mtoni. Hayakusimama. Hayakufika hata kwenye kizingiti cha karakana ya mumewe.

Alifuata kopo moja kwa macho mpaka likapita chini ya ukuta. Kisha akaniuliza, na sauti yake haikuwa ya kulaumu, alikuwa anataka tu kuelewa:

"Mama Nafula, kumbe ni hivi tu?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Ni hivi tu."